Mwanya Aliouziba Mutanu

Sogeeni hapa karibu na jiko, wajukuu zangu. Wenye miguu mirefu waikunje, wenye simu wazilaze kifudifudi, na wewe uliyesimama mlangoni, ingia ndani kabisa au utoke kabisa, kwa sababu hadithi hii haipendi mtu wa nusu ndani nusu nje. Nyamazeni. Nyamazeni mpaka niyasikie makaa yakipumua. Haya, hivyo hivyo.

Palikuwa na msichana wa Mwingi, jina lake Mutanu. Siku mambo yalipoanza kwenda mrama alikuwa amechuchumaa kando ya mto Tana, anasugua masizi ya sufuria kwa mchanga. Jua lilikuwa utosini. Akaisikia pampu ya maji ikinguruma nyuma ya migomba, tu-tu-tu-tu, ile sauti ya dizeli ambayo mashamba yote ya Garissa huamka nayo. Hakushtuka. Mtu hushtuka vipi kwa pampu shambani? Aliposimama na sufuria mkononi ndipo macho yake yalipoangukia pampu yenyewe. Ilikuwa juu ya gunia chini ya mkwaju, imefunguliwa vipande vipande, vile Jama, mwana wa mwenye shamba, alivyoiacha kabla ya kuvuka kwenda mjini kutafuta kipuri. Skurubu zake zilikuwa ndani ya kopo. Na ngurumo iliendelea bado, muda wa mtu kumeza mate, kisha ikakatika.

"Ni jirani," Mutanu akajiambia.

Lakini jirani alikuwa mbali, na upepo siku hiyo haukutikisa hata jani.

Sasa niwaeleze alifikaje hapo. Mutanu alikuwa amemaliza chuo cha kilimo na kazi hakuna. Akachoka kukaa akiitazama simu isiyolia. Akanunua begi kubwa la mgongoni, lenye mikanda kila pahali kama tandiko la punda, akasema atatembea shamba kwa shamba akifanya kazi ya kujitolea. Yeye atoe mikono, wenyewe wampe chakula na mkeka, ajifunze, aione nchi. Hivyo ndivyo alivyofika Jasira.

Jasira ni kisiwa, chini kidogo ya mji wa Garissa, pale mto ulipojigawa mikono miwili, kisha ukajuta ukaungana tena. Wakati wa kiangazi mkono mmoja hukauka na mbuzi huvuka kwa miguu. Mvua ikinyesha huko milimani, maji mekundu yanajaa, na huvuki ila kwa mtumbwi. Mashamba yamekizunguka kama shanga: ndizi, papai, vitunguu, matikiti. Mutanu alikuwa anakizunguka hivyo hivyo, begi mgongoni. Hapa anavuna vitunguu, pale anachimba mifereji, anakula anjera, ile mikate laini ya chachu, na chai ya maziwa, anaaga, anakwenda kwa anayefuata. Watu walimpenda. Saynab, aliyemlaza siku kadhaa kwake, aliniambia mwenyewe, "Yule msichana akiona jani limelala vibaya analilaza vizuri."

Shamba la mwisho lilikuwa la Ardo. Ardo alikuwa mjane mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, mtu wa ng'ombe aliyejifunza jembe ukubwani baada ya ukame kuwamaliza ng'ombe wote. Aliishi na mwanawe Jama, na Fosia, mke wa Jama, ambaye mimba yake ilikuwa imefikia pale pa kukaa kwa mkono mmoja na kuinuka kwa miwili. Ilipangwa Jama akirudi na kipuri amvushe mkewe, wakakae kwa shangazi Waberi, karibu na hospitali. Mimba ya kwanza ya Fosia ilikuwa imeharibikia hapo hapo kisiwani, mto umefurika, hakuna wa kumvusha. Kwa hiyo hii ya pili ililindwa kama yai.

Siku Mutanu alipofika, Jama alimtazama juu mpaka chini, yeye na begi lake.

"Karibu, abaayo, dada yangu. Lakini niambie, wewe ni mgeni ama ni kibarua?"

"Nimejitolea tu, kaka."

"Kujitolea ndiyo nini? Unalima?"

"Nalima."

"Na hutaki kitu?"

"Chakula tu na pa kulala."

Jama akapiga kofi paja lake. "Wallahi! Mtu analima na hataki kitu, huyo ni mtoto wa nyumba ama ni mwenda wazimu. Hooyo, mama, huyu wetu ni yupi?"

"Mwache msichana apumue," Ardo akasema kutoka jikoni. "Amekuja na mzigo, huyo ni mgeni. Mpe chai."

Basi kosa lilizaliwa hapo, kwenye kikombe cha chai. Kwa watu wa Ardo mgeni hakatazwi. Kumwambia mgeni usipite pale, usiguse hiki, ni kama kumwonyesha njia ya kurudi kwao. Kibarua huambiwa yote asubuhi ya kwanza: mipaka, nyoka, mahali pa kuchota maji, na yale mambo mengine ya shamba ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Mgeni haambiwi, kwa kuwa mgeni hatarajiwi kushika jembe. Ataambiwa kwa sababu gani? Na Mutanu alikuwa mgeni wa kuamka kabla ya wenyeji na kushika jembe.

Shamba la Ardo lilizungushiwa ua wa mathenge, ule mti wa miiba ulioenea kila pembe ya Garissa mpaka watu wanauapiza. Matawi makavu yalirundikwa mpaka usawa wa kifua. Upande wa nchi kavu palikuwa na mlango wa bati. Upande wa mto, mbali na nyumba, ua ulikatika. Palikuwa na mwanya wa kupita mtu mmoja. Hapakuwa na njia ya kuufikia wala nyayo za mtu. Mutanu aliona alama za ngiri karibu na matikiti, akaona mwanya ule, akajumlisha moja na moja.

Jama alikuwa amevuka asubuhi. Ardo alikuwa anamkanda Fosia mgongo. Mutanu akachukua panga, akakata matawi ya mathenge, akayaburuta, akayashona moja ndani ya jingine kama walivyofunzwa chuoni, akayakanyaga, akaongeza mengine. Miiba ikamchana viganja mpaka malengelenge yakapasuka. Alimaliza jua likiwa katikati kabisa, saa ambayo watu wote wa Garissa wako kivulini. Akatazama kazi yake, akatabasamu. Hakumwambia mtu. Alitaka wauone wenyewe siku moja waseme, haya, nani ametufanyia wema huu?

Na alipokwenda mtoni na masufuria, ndipo aliposikia pampu.

Jioni ile, adhana ya magharibi ikiwa ndiyo kwanza imemalizika ng'ambo, Fosia alinyanyua kichwa mkekani.

"Nani ameleta ngozi mbichi ndani?"

"Ngozi gani?" Ardo akauliza.

"Hooyo, hunusi? Ngozi imelowa. Na matope."

Mutanu alinusa. Ilikuwepo kweli, harufu ya mnyama aliyelala majini, nzito, ya kukaa kooni. Ardo akainuka. Akatia ubani kwenye kijungu cha makaa, akakiweka katikati ya chumba. Moshi kwa kawaida hupanda, si ndiyo? Ule haukupanda. Ulishuka sakafuni, ukatambaa mpaka ukutani, ukaufuata ukuta polepole, pembe kwa pembe, ukaupita mlango uliokuwa wazi kana kwamba hauuoni, ukazunguka tena, na tena, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta pa kutokea.

"Ayeeyo," Mutanu akanong'ona, maana hivyo ndivyo alivyomwita Ardo, bibi, "hiyo ni nini?"

"Ni unyevu tu, binti. Lala."

Mnaona? Bado alikuwa mgeni. Bado hakuambiwa.

Asubuhi ilikuja vizuri, na Mutanu akajicheka. Akala anjera, akapalilia vitunguu. Lakini mbuzi walikataa kutoka. Walisimama katikati ya uwanja wamesongamana, vichwa ndani na mikia nje, na hakuna hata mmoja aliyelia. Jua likapanda. Kila kivuli kilivyofupika ndivyo shamba lilivyonyamaza. Ndege kwanza, halafu nzi. Ndipo zikaanza hatua.

Zilitembea ndani ya ua, kandokando yake, juu ya majani makavu ya migomba, kwacha, kwacha, hatua za kitu kizito kisicho na haraka, na kila zilipofika mahali fulani upande wa mto zilisimama, na Mutanu akasikia kitu kikivuta pumzi ndefu yenye maji ndani yake, kisha zikaendelea, zikapita nyuma ya choo, nyuma ya banda, mbele ya mlango wa bati, zikarudi upande wa mto zikasimama tena, na alipotazama pale sauti ilipokuwa hakuona kitu, ila majani yakilala chini ya uzito na yasiinuke. Aliomba kimoyomoyo kwa jina la Yesu. Hatua zikaendelea. Na baada ya muda akagundua jambo: mzunguko ulikuwa unapungua. Mwanzo zilipita kando ya ua. Sasa zilipita kati ya ua na nyumba.

Fosia akaguta ndani.

Chupa yake ya uzazi ilikuwa imepasuka. Ardo alikuwa amepiga magoti kando yake, uso umekuwa wa majivu.

"Mapema," alisema. "Ni mapema. Mutanu, mpigie Jama. Mwambie aje na mtumbwi sasa hivi."

Mutanu akapiga. Simu ikapokelewa.

"Jama! Fosia ameshikwa na uchungu! Njoo!"

"Haloo? Haloo, abaayo? Sisikii. Mbona pampu inanguruma hivyo? Nani ameitengeneza? Zima pampu nisikie!"

Alipiga tena na tena, na kila mara Jama alisikia kitu hicho hicho, mpaka mwisho Mutanu akamsikia akimwambia mtu kando yake, kwa sauti iliyobadilika, "Sheikh, pampu niliifungua, haiwezi kunguruma. Injini yake iko nusu kwenye begi langu."

"Hatumngoji," Ardo akasema. "Tutamshika huku na huku tumpeleke ukingoni. Saynab ana mtumbwi."

Wakamwinua Fosia, mkono mmoja kwenye bega la huyu, wa pili kwenye bega la yule, wakatoka juani. Mlango wa bati ulikuwa mbele yao, unang'aa, mwendo wa kumrushia mtu jiwe. Walitembea kuuelekea. Walitembea, Fosia akihema, Ardo akisoma chini ya pumzi, na bati liling'aa mbele yao wakati wote, na Mutanu alikuwa tayari amenyoosha mkono kushika komeo alipogusa kitu chenye masizi, nacho kilikuwa sufuria, na sufuria ilikuwa jikoni, na wao watatu walikuwa wamesimama ndani ya jiko lile lile walilolipa mgongo. Wakatoka tena. Wakarudi tena. Safari ya tatu walifumba macho wakaufuata ua kwa kuushika, miiba ikiwararua, wakijua kwamba ua hauna budi kufika mlangoni, na ua uliendelea na kuendelea, tawi baada ya tawi, hauna kona wala mlango, na nyuma yao, karibu kuliko mwanzo, kwacha, kwacha, kitu kilikuwa kinautafuta ua ule ule.

Fosia aliketi mchangani. "Sitoki hapa," akasema taratibu. "Kama ile mara ya kwanza. Sitoki."

"Nyamaza, mama yangu," Ardo akamwambia. "Usiseme hivyo, linasikia."

"Nini kinasikia, Ayeeyo?" Mutanu akauliza, lakini Ardo alikuwa tayari anamwinua Fosia.

Wakamrudisha kivulini. Haukupita muda wakasikia sauti ya Jama nje ya ua, ng'ambo kabisa ya mathenge.

"Hooyo! Mko wapi? Mlango uko wapi?"

"Pale pale ulipo siku zote!"

"Wallahi hakuna mlango! Tumezunguka shamba lote mimi na Sheikh Nunow, ni miiba tu!"

Kisha wakaisikia sauti ya Sheikh Nunow, mzee wa msikiti wa ng'ambo, tulivu kama mtu anayebisha hodi. "Ardo, mweke binti kivulini. Mimi nasoma kutoka hapa. Likikasirika msiogope, likikasirika ndiyo linatoka."

Akaanza Ayatul Kursi.

Jamani. Wajukuu zangu, nawaambia kama nilivyoambiwa. Aya haijafika nusu, ua wote ukatetemeka, mathenge yakigongana kama meno, na kile kitu kikaacha kutembea kikaanza kukimbia, kuzunguka nyumba, na Sheikh alivyopandisha sauti ndivyo kilivyozidi mbio, mbuzi wakaangushwa huku na huku na kitu wasichokiona, maji kwenye mapipa yakazunguka yenyewe, harufu ya ngozi na matope ikajaa mpaka Mutanu akatapika, na Fosia akapiga ukelele ambao haukuwa wa uchungu wa mtoto, akakamata tumbo lake kwa mikono miwili kama mtu anayefunga mlango kwa ndani, akalia, "Hooyo, linataka kuingia! Halina pa kwenda, linataka kuingia hapa!"

Na ndani ya pipa la maji, kwa sauti iliyokuwa ya Jama na si ya Jama, kitu kikasema:

"Mnanifukuza. Nitokee wapi?"

"Sheikh, nyamaza!" Ardo akapiga kelele. "Nyamaza, utamuua!"

Kisomo kikakatika. Kila kitu kikasimama, kikihema. Ardo akageuka taratibu akatazama upande wa mto, mahali ambapo tangu jana hakuwa na sababu ya kutazama, akaona ua umeshonwa vizuri, umenyooka, hauna pengo.

"Nani?" akauliza. "Nani ameziba pale?"

Mutanu akasogea mbele. "Mimi, Ayeeyo. Ngiri walikuwa wanaingia. Nilitaka kuwasaidia."

Ardo hakumfokea. Ingekuwa afadhali angemfokea. Alikaa chini kama mtu aliyekatwa mishipa.

"Pale si pa ngiri, binti. Pale ni pa mwenyewe wa mto. Tulipokuja tulimkuta. Adhuhuri anatoka mtoni, anapita katika migomba, anapumzika, anarudi majini. Hatumwoni, naye hatuoni. Tulichoambiwa ni kimoja tu, tusimfungie njia. Wewe ulimfungia akiwa ndani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ningekuajiri ningekuambia kabla hujashika jembe. Mgeni anaambiwaje kwamba nyumba aliyolala ina mwenyewe mwingine?" Akajifuta uso kwa shali. "Nilikuona unafanya kazi, nikanyamaza. Nilifurahi kupata mikono. Nikakuita mgeni ili nisikuambie, nikakuacha ulime kama kibarua."

Mutanu hakungoja. Alikimbia mpaka upande wa mto, akayashika matawi yake mwenyewe kwa mikono mitupu, akang'oa. Nyuma ya tawi palikuwa na tawi. Akang'oa hilo. Nyuma yake palikuwa na jingine, limeshonwa kwa mkono ule ule wa chuoni, fundo kwa fundo, na alipolitoa akaona jingine, na rundo nyuma yake likawa kubwa kuliko yeye na bado mbele yake ua ulikuwa umesimama mzima, na damu ilikuwa inamchuruzika mpaka viwiko, na hatua zikaja polepole zikasimama nyuma ya shingo yake, na pumzi yenye maji ikamlowesha kola.

"Nani anafungua?"

"Mimi."

"Mimi ni nani? Mgeni hana mlango hapa. Kibarua hana mlango hapa. Wewe ni nani?"

Kweli, wajukuu zangu, alikuwa nani? Kisiwa kizima alikuwa amekizunguka akicheka swali hilo.

Alirudi kwa Ardo akitambaa. Fosia alikuwa ameacha kupiga kelele, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya zaidi. Macho yalikuwa yamepanda juu.

"Haliusikii mkono wangu," Mutanu akasema. "Linaniuliza mimi ni nani."

Ardo alimfunika Fosia shali yake. Kisha akainuka, akaenda kwenye kibuyu, akamimina maziwa kikombeni, akanywa funda moja, akakishikilia kikombe.

"Sikiliza. Ninaweza kukufanya binti yangu. Ukinywa hapa, alichofunga binti yangu nimefunga mimi, na atakachofungua nimefungua mimi. Litakusikia. Lakini mgeni akienda anasahauliwa, Mutanu. Wa nyumba hasahauliwi. Likikujua limekujua. Begi lako liko pale. Sikulazimishi."

"Na nisipokunywa?"

Ardo akageuza kichwa. Alimtazama Fosia.

"Nipe," Mutanu akasema.

Alikunywa yote. Yalikuwa yamechacha, yana ladha ya moshi. Ardo akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "Huyu ni Mutanu binti wa Ardo! Ni wa nyumba hii! Anafungua!"

Mutanu akarudi uani. Safari hii hakukimbia. Akashika tawi moja, lile la mwanzo kabisa alilolaza, akalivuta, na ua ukaachia kama fundo la kamba, na mbele yake akauona mto, mwekundu, mpana, unaometa. Akasogea kando, mgongo kwenye miiba, akafumba macho.

Kikapita. Kilichukua muda kupita, kana kwamba ni kirefu. Na kilipofika usawa wake kikasimama, na kitu cha baridi, kilicholowa, kikamshika mkono, kikaugeuza kiganja juu, kikapapasa malengelenge yake moja moja, taratibu, kama bwana shamba anayekagua mikono ya mtu kabla ya kumpa kazi. Kisha maji yakapokea kitu kizito, bila kuruka tone.

"Mlango huu hapa!" Jama alikuwa anapaza sauti upande wa pili. "Hooyo, mlango huu hapa! Ulikuwa hapa!"

Fosia alivushwa na Jama na Sheikh Nunow, na mtoto akazaliwa mjini kabla ya alasiri, msichana, mzima, mapafu ya simba. Wakamwita Nurto. Mutanu alimbeba mara moja, mikono imefungwa bandeji, akalia sana. Kesho yake akapanda basi akarudi kwao, na begi lile akaliuza. Hakuzunguka tena. Alipata kazi Machakos, duka la mbegu na dawa za mifugo, na adhuhuri alikuwa anakaa ndani ya duka mlango umerudishwa.

Ardo aliishi miaka mingine michache, kisha akaondoka kwa homa fupi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hapo ndipo mambo yake yakagawanywa. Jama alirithi shamba na pampu. Fosia aliachiwa mbuzi. Nurto akapata vipuli vya dhahabu vya bibi yake, vikawekwa mpaka akue. Kwa sheria ya dini mtoto wa kupewa hana fungu, lakini wasia upo, na Ardo alikuwa ameusia mbele ya Sheikh Nunow kwamba ukanda wa upande wa mto, wenye mwanya, ni wa binti yake Mutanu, pamoja na kila kilicho juu yake.

Jama alimpigia simu kumwambia. Mutanu akakataa palepale.

"Sitaki, kaka. Mpe Fosia alime."

"Nimejaribu, abaayo. Hakuna anayekanyaga pale. Na sijui nikuambieje, tangu Hooyo afe, adhuhuri hapapiti kitu. Pametulia. Mwenyewe kama amehama."

Wiki hiyo hiyo mama yake Mutanu akampigia kutoka Mwingi. Kulikuwa na kiangazi kikali, ardhi imekuwa kama chuma, na mama alikuwa na furaha.

"Mutanu mwanangu, Mungu akubariki kwa yule mtu uliyenitumia. Lo, anajua kazi! Analima jua la saa sita bila kofia, shamba lote la nyuma amelimaliza. Hata sijui maji anayatoa wapi, matope yamemjaa mpaka magotini. Lakini kula hali. Nimempelekea uji, amekataa. Nikamuuliza, wewe unalipwa na nani? Akasema halipwi, mama. Amejitolea tu."